Samaki wa Jiwe la Kuoshea Vyombo

Baba mkwe wangu simjui sura. Niliishi kwenye mji wake, nikampikia, nikaosha sahani zake, nikamzalia wajukuu, na mpaka anafukiwa sikuwahi kumtazama usoni. Wajukuu zangu wakisikia hivyo wanacheka, wanaona bibi anatia chumvi. Mmoja aliniuliza, "Sasa bibi, ulikuwa unajuaje kama ni yeye?" Nikamjibu kwamba nilimjua kwa sahani. Akazidi kucheka. Basi naandika, na anayetaka kucheka acheke baada ya kusoma mpaka mwisho.

Kwetu Wanyakyusa, enzi zile, mkamwana na baba mkwe walikuwa hawaonani. Si kwamba wamegombana, ndiyo heshima yenyewe. Nikimsikia anakuja njiani naingia migombani, nageuza mgongo na kujifunika kanga kichwani mpaka apite. Naye kwa upande wake akikaribia mahali ninapoweza kuwa, anakohoa. Kilikuwa kikohozi kifupi, cha kupiga hodi, na nilikijua kuliko ninavyojua nyimbo za kanisani. Jina lake sikulitamka, na hapa pia silitamki. Nikishapika, mama mkwe ndiye anayepeleka chakula, kisha sahani inanirudia mimi niioshe. Kwa hiyo kila nilichokijua juu ya mzee yule kilirudi kwenye sahani. Nilijua anatafuna kichwa cha samaki chote isipokuwa meno. Nilijua majani ya maharage hayapendi, anayapanga pembeni kwa adabu. Na nilijua akimaliza kula anasafisha sahani kwa kidole hadi inang'aa, maana sahani yake haikunipa kazi hata siku moja.

Mimi ni mtu wa baridi. Nimezaliwa upande wa Isongole, kwenye viazi na ukungu, ambako asubuhi mtu anatoka nje na blanketi begani. Mume wangu ni mtu wa chini, ziwani, upande wa Matema. Wakati ule wilaya yetu ya Rungwe ilikuwa ndefu. Ilianzia huko juu kwetu kwenye baridi, ikapita Tukuyu, ikateremka mpaka kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa, na mtu aliweza kuolewa ndani ya wilaya yake mwenyewe akajiona amehamia nchi ya watu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Wazungu walikuwa wanafungasha mizigo, na vijana waliosoma kidogo walikuwa wanakalishwa kwenye viti vyao wajaribiwe. Mume wangu alipata kiti kimoja cha namna hiyo katika ofisi moja pale Tukuyu. Kazi ya majaribio. Alinieleza vizuri kabla hajaniacha kwa wazazi wake. Alisema analala chumba kimoja na mwenzake, hakuna nafasi ya mke, nivumilie mpaka athibitishwe. Akasema pia kwamba katika kipindi hicho hakuna kuomba ruhusa wala kuumwa, kwa sababu nje ya mlango wanasubiri wengine wenye shati safi kama lake. Nikasema sawa. Ningesema nini? Nilikuwa bibi harusi, na bibi harusi huwa anasema sawa.

Akapanda lori akarudi Tukuyu. Mimi nikabaki na joto.

Sijui hata leo ni kitu gani kilichonipata. Chakula kilinishinda. Haikuwa mimba, mama mkwe alitumaini hivyo akakaa akisubiri dalili, lakini dalili hazikuja. Haikuwa homa. Nilikuwa napika vizuri tu, naonja chumvi, napakua, na nikishakaa peke yangu kwenye kijumba changu na sahani yangu mapajani, tonge halishuki. Wali wa kule una harufu nzuri, mchele wake watu wanausafirisha mbali. Mimi ulikuwa unanifanya nitake kulia. Samaki ndiyo kabisa. Nilitamani kiazi cha kuchoma, nikajionea aibu kutamani kiazi kwenye nchi iliyojaa neema, nikanyamaza. Mke mgeni anakula peke yake, kwa hiyo hakuna aliyeona. Lakini sahani iliyojaa siwezi kuirudisha jikoni, mama mkwe angedhani nakidharau chakula chake. Nikawa nakifunika na kanga, nakiweka kwenye beseni pamoja na vyombo vingine, nateremka nacho ziwani kuosha.

Palikuwa na jiwe bapa limeingia majini, na kando yake maji yalifika magotini, safi kiasi kwamba ukitupa sindano unaiona. Ndipo nilipowajua samaki.

Kwanza sikuelewa chochote. Kwetu samaki ni kitu kilichokauka kinachofika sokoni kimefungwa kwa kamba. Sikuwahi kufikiri kwamba anakula. Pale jiweni niliona kumbe chini kuna kazi nyingi, na kila mmoja ana ya kwake. Wale wadogo wa buluu wenye mistari walikuwa wanakaa kwenye mawe tu. Wanasogeza mdomo kwenye ule ukijani unaoteleza, wanakwangua, wanarudi nyuma, wanakwangua tena, wakiwa wamesimama wima hata wamepinduka, kana kwamba juu na chini ni mamoja. Mmoja akishika sehemu yake ya jiwe, anafukuza kila anayekuja. Wengine, wa rangi ya mchanga, walikuwa wanaishi kwenye mchanga. Wanachomeka uso wote, wanajaza mdomo, wanatafuna, na mchanga unatoka mashavuni kama unga kwenye chekecheke. Nyuma yao kulikuwa na wavivu ambao hawachimbi. Wanafuata tu anayechimba na kudaka kinachotibuka.

Siku moja nilimwona samaki jike na kundi la watoto wadogo kuliko punje ya mchele. Kivuli changu kikapita juu ya maji. Akafungua mdomo, akawameza wote. Nilipiga kelele, nikasema huyu mama ana roho gani! Nikakaa nimekasirika, mwiko mkononi. Baadaye kidogo akarudi palepale, akafungua mdomo, nao wakatoka wazima, wakatawanyika kucheza. Nilibaki nimeduwaa. Nilimtazama siku zilizofuata, na wakati wenzake wanachimba na kukwangua, yeye hakuwa anakula kitu. Alikuwa anakaa mdomo umejaa, anawaangalia wanaokula. Nilimwonea huruma bila kujua kwa nini.

Aliyenichanganya kuliko wote alikuwa samaki mkubwa mwenye madoa ya kahawia na meupe, rangi ya kitu kilichoanza kuoza. Nilimkuta amelala ubavu mchangani, karibu na majani ya maji, hapumui. Nikasema masikini, amekufa. Vidagaa vikaanza kumsogelea, vikamdonoa pezi kidogo kuonja. Nikavua kanga ya kiunoni nikaifunga vizuri, nikaingia majini nimtoe asije akaharibu maji ya kuoshea. Mkono wangu ulipokaribia, maiti ikaondoka kama risasi. Nilianguka kwa makalio na sahani moja ya bati ikaenda zake.

Nilipomsimulia mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta.

"Huyo ni mwongo," akasema. "Watoto wa hapa wote wanamjua. Analala hivyo wadogo waje kumla, halafu anawala yeye."

"Na wao hawajui kwamba ni mwongo?"

"Wangejua asingeshiba, mwanangu."

Basi kuanzia hapo nikawa naenda kuosha vyombo mapema na kurudi nimechelewa. Nilimwona yule mwongo akifanya kazi yake. Alikuwa na subira ya ajabu. Anaacha wamdonoe jicho, mkia, pezi, hatikisiki, halafu ghafla mmoja hayupo. Nami nikawa namwaga sahani yangu kidogo kidogo, ugali, wali, kipande cha ndizi. Mwanzoni wale wa mchangani hawakutaka, walikuwa na kazi yao ya kuchimba. Kisha mmoja akaonja. Haukupita muda mrefu wakawa wananisubiri. Nikiweka mguu kwenye jiwe tu, wanakuja wote kutoka kila upande, midomo juu, wanagongana. Hata kivuli cha beseni kiliwatosha. Mchanga wakauacha. Nilifurahi. Niliona angalau kule chini kuna viumbe vinavyonipenda.

Mara nyingine mtumbwi wa mzee ulipita nje ya matete akirudi kutega nyavu. Nasikia kikohozi, nageuza mgongo, nainamia vyombo. Kasia linasimama kidogo, kisha linaendelea. Sikulifikiria.

Halafu mzee akalala.

Mama mkwe alikuja jikoni asubuhi uso umemshuka, akasema mzee hataki kutoka, hasemi panapouma, kageukia ukutani. Nikapika uji, ukarudi. Nikapika ndizi na samaki, nikahakikisha kichwa kipo. Sahani ikarudi kama ilivyokwenda, na kile kichwa kikinitazama. Nilishtuka kuliko nilivyotegemea. Sahani ile niliyozoea kuipokea inang'aa, sasa nzito. Kikohozi nacho kikapotea. Nilikuwa napita njiani nasikiliza, na hakuna aliyenionya kujificha, nikajikuta najificha hivyo hivyo bila kuonywa.

Ikawa kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Majirani wakaanza kuja kukaa uani. Mama mkwe akanishika mkono.

"Mume wako aitwe," akasema. "Baba akifa mwanawe hayupo, tutasema nini kwa watu?"

"Akiitwa atapoteza kazi, mama."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Mambo ya ofisi mimi siyajui. Wewe ndiye mkewe, uliambiwa. Ukisema aitwe, ataitwa. Ukisema tusubiri, nitasubiri."

Akaniachia. Mwanamke aliyemzaa mwanamume yule na kulala kando ya yule mzee maisha yake yote, akauweka uamuzi kwenye mapaja yangu mimi, ambaye mgonjwa mwenyewe siruhusiwi kumwona hata kisigino. Mtu mwingine angeingia chumbani akamshika paji la uso, akaona kama ana moto. Mimi nilikuwa na sahani tu.

Na sahani zilianza kunichanganya. Nilipokwenda kumwaga takataka nyuma ya nyumba ya mzee, niliona maganda ya ndizi mbivu yamesukumwa chini ya majani makavu. Mkungu wa ndizi mbivu ulikuwa unaning'inia ndani kwake. Nikayageuza yale maganda kwa mguu. Yalikuwa mapya. Mama mkwe ndizi mbivu hali, zinamsumbua tumbo.

Hapo nikakumbuka yule wa majini, na hasira ikanipanda mpaka masikioni. Nikasema kumbe! Huyu mzee kalala ubavu. Anamtaka mwanawe arudi nyumbani, avue samaki naye, aachane na viti vya Wazungu, na hajui namna ya kusema. Kwa hiyo anajifanya maiti mpaka kijana asogee adonoe. Nilimwona mume wangu na shati lake jeupe akija mbio kutoka Tukuyu, akisogea, akisogea. Ningemwambia nani? Ningemwambia mama mkwe kwamba mume wake ni yule mwongo wa kwenye mchanga? Nikanyamaza na hasira zangu. Nikampikia vizuri zaidi kwa makusudi, nikakaanga vitunguu vinuke mpaka chumbani kwake, nione atavumilia vipi.

Alivumilia. Sahani ikarudi.

Lori lilikuja. Lilikuwa la mzee mmoja Mwislamu, mfanyabiashara wa Tukuyu, aliyekuwa akishuka kununua mpunga na samaki wakavu barabara ikiruhusu. Ndiye aliyekuwa akitubebea salamu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza nimtumie mume wangu neno gani. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu ananisikiliza.

"Mwambie wote wazima," nikasema.

Mama mkwe aliinama, akaokota kuni ambayo haikuhitaji kuokotwa, akaingia ndani. Yule mfanyabiashara akanitazama kidogo. "Na wewe mwanangu," akasema, "jua la huku limekukausha." Nikamjibu kwamba ni kweli, jua ni kali.

Baada ya lori kuondoka sikupata raha. Asubuhi naamini mzee ni mwongo, jioni naamini anakufa. Maganda sikuyaona tena. Nikajiuliza, yameisha kwa sababu ndizi zimeisha, au kwa sababu mkono wa kuzichuma umeishiwa nguvu? Majirani wanaotoka chumbani walikuwa wanatikisa vichwa, lakini majirani kazi yao ni kutikisa vichwa. Na mimi mwenyewe nilikuwa nasimama kizunguzungu kinanishika. Nilidhani ni mawazo.

Lori lilirudi wakati mvua zimepumzika. Nilisikia mlio wake mbali nikiwa jiweni na vyombo. Samaki walikuwa wamejaa miguuni kwangu, nami nawamwagia wali wangu wa mchana. Ndipo nikamwona yule wa madoa. Amelala ubavu palepale anapolalaga, karibu na majani. Vidagaa vimemzunguka vinadonoa. Nikasema leo sikubali, leo nitakuona unapoamka. Nikaacha kuosha, nikachuchumaa. Kimoja kikamdonoa pezi. Kingine kikamdonoa jicho. Nikasubiri. Vikaongezeka, vikawa vinavuta. Hakutikisika. Nikasema huyu leo ana njaa kubwa, ana subira. Nikasubiri tena. Mwishowe nikachukua mwiko nikamsukuma taratibu. Akageuka upande wa pili, na upande wa pili haukuwa na jicho.

Alikuwa amekufa kweli. Rangi ni ileile, mahali ni palepale, mlalo ni uleule. Nilikuwa nimemtazama tangu nimefika ziwani, nikijiona sasa namjua, na sikuweza kutofautisha.

Niliacha beseni, vyombo, kila kitu. Nilipanda ule mchanga mbio, kanga mkononi, nikamkuta yule mfanyabiashara anafunga turubai.

"Mwambie baba yake hali chakula," nikasema. "Mwambie aje. Mwambie leo."

"Mara ile ulisema wazima, mwanangu."

"Mara ile sikujua!"

Na kwa kweli sikujua hata wakati ule. Ila niliogopa. Nilimwogopea mzee ambaye sijamwona, na nilimwogopea mume wangu, na nilijiogopea mimi nitakayekuja kuulizwa kwa nini nilinyamaza.

Mume wangu alifika na lori lilelile liliporudi. Alishuka ana vumbi mpaka kwenye kope. Alinipita uani, akasema "Yuko wapi?" huku ananitazama mara ya kwanza, kisha akasimama, akanitazama mara ya pili kwa muda mrefu. Gauni langu, lililonitosha sawasawa wakati wa harusi, lilikuwa limefungwa mkanda uliozunguka mara mbili. Kisha akaingia kwa baba yake.

Mimi nikazunguka nyuma ya nyumba na beseni langu. Ukuta wa mianzi ulikuwa umebanduka udongo kwa mvua, na sauti zilikuwa zinapita kama hakuna ukuta. Heshima ilinizuia kuangalia. Kusikiliza hakuna aliyewahi kunikataza. Kwa hiyo ndivyo nilivyoisikia sauti ya baba mkwe wangu ikisema maneno marefu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa sauti nyembamba kuliko nilivyomfikiria, na haikuwa na ugonjwa hata kidogo.

"Tata," mume wangu akamwita baba yake, "wameniambia unakufa."

"Mimi nimelala tu."

"Baba, nimeacha kiti! Nikirudi kuna mtu amekaa. Nimekuja kukuzika, nakukuta umelala tu?"

"Viti ni vingi. Wanachonga kila siku."

Nikasikia mume wangu anavuta pumzi. Nami nikasema moyoni, haya, nilijua! Mwongo! Nikabana meno. Nikangoja aseme sasa kwamba anataka mwanawe abaki avue.

"Mke wako mchukue," mzee akasema. "Panda naye huko kwenye baridi. Hata kama mtalala chini, mchukue."

"Mke wangu kafanya nini?"

Sauti ya mzee ikashuka, nikasogeza sikio mpaka mianzi ikanichoma shavu.

"Mkeo mimi sijamwona. Sijawahi kumwona, na Mungu ananijua."

"Najua, baba."

"Niliwaangalia samaki. Wale wa mchangani, pale jiweni. Nimepita pale tangu nina nguvu ya kushika kasia, sijawaona wanakuja juu. Kazi yao ni kuchimba. Sasa nikipita na mtumbwi wanafuata kivuli changu, midomo juu. Wameacha mchanga, wamenenepa. Samaki wa namna hiyo kuna mtu anawalisha, na hawalishi makombo, anawalisha chakula cha mtu mzima. Sahani yangu mimi naisafisha kwa kidole. Mama yako tangu nimemwoa hajawahi kuacha chakula. Sasa chakula kile kinatoka kwenye sahani ya nani?"

Nikasikia mume wangu anavuta kigoda, anakaa.

"Dada yangu alianza hivihivi kule alikoolewa," mzee akasema. "Kimya kimya. Tulikuja kuitwa kuzika."

"Si ungemwambia mama?"

"Nimwambie nini? Kwamba mkamwana ninayemkwepa najua anachokula na asichokula? Watu waseme namchungulia? Na yeye akisikia, atainua uso gani hapa? Nikituma uitwe kwa ajili ya mke, ungekuja? Ungesema vumilieni mpaka nithibitishwe. Kwa baba anayekufa, mtu anakuja. Na walichelewa kukuita. Nilianza kuona njaa ya kweli."

Sijui nilikaa vipi. Nakumbuka nilikuwa chini, na beseni limenifunika mapaja. Kwanza nilikasirika, hilo nalisema wazi. Nilikasirika kwamba kuna mtu alikuwa anajua. Kila nilipokuwa nimeinama na mgongo wangu, nikijiona nimejificha vizuri, wale samaki walikuwa wananitangaza. Kisha aibu. Kisha kitu ambacho sijakipatia jina, kilichonifanya nilie kwa kelele nikaziba mdomo kwa kanga. Nilikuwa nimezitazama sahani zake siku zote hizo nikitafuta uongo, na mzee wa watu alikuwa anaiona njaa yangu.

Ndani nikasikia kile kikohozi. Kifupi, cha hodi. Alikuwa amejua nipo pale, ananipa muda wa kuondoka. Nikaondoka.

Jioni ile sahani yake ilirudi inang'aa. Mama mkwe alipiga vigelegele, akasema kumwona mwanawe ndiko kulikomponya. Nikasema ndiyo, mama.

Kiti cha Tukuyu kweli kilikuwa kimekaliwa. Mume wangu aliingia pale na shati lake, akatoka na shati lake. Yule mfanyabiashara akampa kazi ya kupakia mizigo kwenye lori, na baadaye ushirika ulipopanuka akapata kazi ya kupima majani ya chai, akazeekea huko. Miaka ya Ujamaa, waliokalia viti vile wakawa wakubwa, wakija kutuhutubia wamesimama kwenye gari, nilikuwa namtazama mume wangu kwa pembeni nione kama kinamuuma. Nilimuuliza mara moja tu. Akasema nilete viazi, vinapoa. Tulikuwa tumeanzia chumba kimoja nyuma ya duka, tumelala chini kama mzee alivyosema. Mvua ya Tukuyu inapiga bati, kiazi cha moto mkononi. Nilikula kiazi kile na ganda lake.

Nilirudi ziwani kusalimia nikiwa na mtoto wa kwanza mgongoni. Mama mkwe alinishangaa nilivyojaa, akanigeuza geuza. Nikabeba beseni, nikateremka jiweni. Wale wadogo wa mistari walikuwa wanakwangua mawe yao na kufukuzana. Nikaweka mguu, nikangoja. Hakuna aliyekuja. Wa mchangani walikuwa mbali kidogo, wamechomeka uso, wanachimba, mchanga unawatoka mashavuni. Nikatikisa beseni, hawakuinua hata jicho. Naona aibu kusema kwamba nilisikitika kidogo.

Nyuma ya matete nikasikia kikohozi. Nikageuza mgongo, nikavuta kanga kichwani, nikamfunika na mtoto. Kasia likasimama. Safari hii lilisimama kwa muda, na mimi niliinama palepale na sahani mkononi, ikiwa tupu na safi, nikaiacha ionekane. Kisha kasia likaendelea.

Jioni mama mkwe alikuja jikoni anatikisa kichwa. Akasema huyu mzee uzee umemwingia, karudi kutoka ziwani hana kitu kwenye wavu lakini anaimba, na alipomuuliza amefurahia nini, amejibu kwamba samaki wa pale jiweni wamekonda.